Mume karudi na mashine ya espreso, mchi umebaki mkononi mwangu

Assalaamu alaykum, Kaka Fundi.

Mimi ni mke wa mtu, nakaa Langoni, Lamu. Nina jambo linalonikera, na kila ninayemhadithia hucheka, ndiyo maana nimeona nikuandikie wewe usiyenijua.

Mume wangu alifanya kazi Malindi miaka 11, kwenye hoteli ya Wataliano, kwanza jikoni kisha kaunta. Hoteli ilipofungwa alirudi nyumbani na begi la nguo, Kitaliano cha kunigombezea, na mashine ndogo ya espreso aliyoachiwa na mgeni mmoja aliyekuwa akihama. Tangu siku hiyo kahawa ya dele haitaki. Muuza kahawa akipita akigonga vikombe vyake, mume wangu hugeuza uso kama mtu anayedaiwa. Anataka espreso baada ya sala ya alfajiri, na nyingine baada ya alasiri.

Mashine hiyo haisagi. Yeye hununua buni iliyokaangwa, na mwenye kuisaga ni mimi. Mwanzo niliisaga kwenye kile kikopo kidogo cha brenda ninachosagia bizari. Akaonja, akanitazama, akauliza, "Leo umenipikia pilau?" Nikatoa kinu cha shaba cha marehemu bibi yangu. Ikawa kila alfajiri natwanga, na mavyaa wangu anayelala chumba cha juu anauliza kwani kuna harusi? Kahawa yenyewe hutoka na povu zito la kupendeza, lakini mume wangu hupiga funda moja akatikisa kichwa. Asubuhi ina ukakasi, alasiri ni tungu kama mwarobaini, na pakiti ni ile ile.

Sasa kila mtu ana rai yake. Binamu yangu wa Mombasa asema ninunue grainda ndogo ya umeme, ile ya visu viwili inayouzwa madukani, mambo yaishe. Kaka yangu aliyeko Marekani asema atanunua nzuri ya umeme huko aje nayo wakati wa Maulidi. Mume wangu naye amepata ile kubwa ya hotelini kwao, ya Kitaliano, kilo 14, wanaiuza shilingi 35,000. Asema ni chuma, haifi. Itapanda basi hadi Mokowe, kisha boti, kisha mkokoteni. Na hizo 35,000 ndizo nilizoziweka za makuti ya darini kabla masika hayajaingia.

Mjomba wangu asema tumerogwa wote. Kwake yeye kahawa ni ya dele, na tende. Hiyo nyingine ni dawa ya kikohozi.

Nijibu kwa haki, Kaka Fundi. Ni kweli kusaga kuna uzito wote huo, au ni kiburi cha hotelini? Na kama lazima tununue, tununue nini? Mkono wangu umechoka.

Ni mimi,
Mtwangaji, Langoni

—

Waalaykumu salaam, dada yangu, na pole kwa mkono.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa sababu ya neno moja: povu. Umesema kahawa uliyoitwanga kinuni inatoka na povu zito. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta za Malindi miaka mingi kabla sijaanza kutengeneza mashine, na kahawa ya kutwanga haitoi povu la haki. Kwenye mashine ya hotelini ingemwagika kama mfereji kwa sekunde sita au saba, nyepesi kama chai ya rangi, au ingeziba kabisa ikawa inadondoka tone kwa tone. Yako inatoa povu kila siku. Basi kabla hatujafika kwenye habari ya kusaga, kuna jambo nataka ulifanye leo hii, na halina gharama.

Chukua ule mkono wa mashine unaotiliwa kahawa. Ndani yake mna kikombe kidogo cha bati ngumu, ndicho kichujio. Kitoe, kioshe, kielekeze kwenye taa. Ukiona mwanga unapenya kwenye vitundu vingi kama ungo, mimi nimekosea na unisamehe. Lakini nadhani utaona hivi: ndani vitundu ni vingi, ila ukikigeuza, upande wa nje kuna kitundu kimoja tu, chembamba kama ncha ya sindano. Hicho ni kichujio cha tabaka mbili. Kimetengenezwa kwa ajili ya watu wanaonunua kahawa iliyosagwa tayari dukani, kwa hivyo hakitegemei kahawa kuzuia maji. Kile kitundu ndicho kinachozuia, na kahawa ikitoka pale kwa kubanwa hujaa hewa na kufanya povu. Povu lako, dada, ni kazi ya kitundu. Hata kahawa ya mwaka juzi ingelitoa.

Nimeanza hapo kwa sababu watu wengi hununua grainda ya bei kubwa, wakaiweka mbele ya kichujio cha namna hiyo, wasione tofauti ya maana, kisha wakaja kwangu kulalamika. Kichujio cha tabaka mbili kinasamehe makosa, na kama msamehevu yeyote, hakitambui pia aliyefanya vizuri.

Sasa nikujibu swali lako. Ndiyo, kusaga kuna uzito wote huo. Shemeji yangu huenda ana kiburi, sikatai, maana hata mimi ninacho na tumekipata mahali pamoja. Lakini hapa ana haki.

Espreso ni maji yaliyosukumwa kwenye kahawa iliyoshindiliwa, kwa nguvu kama mara 9 ya presha ya hewa tunayoivuta. Muda wake ni sekunde 25 hadi 30 tu. Kwenye dele la mjomba wako kahawa huchemka polepole juu ya makaa, maji na unga vina muda wa kuzoeana, na chembe kubwa na ndogo zote hupata zamu yake kisha zikatulia chini. Ndiyo maana kinu cha bibi kinafaa kabisa kwa kahawa ile, na mjomba asidharauliwe. Kwa kahawa yake kasema kweli. Kwenye espreso hakuna zamu. Maji yaliyosukumwa hufanya kama watu wa Usita wa Mui punda wawili wenye mawe wakikutana katikati ya njia: hakuna anayesubiri, kila mtu hukimbilia kichochoro. Unga ukiwa na sehemu nzito na sehemu nyepesi, maji hukimbilia nyepesi, yakatoboa mfereji humo, na kahawa iliyobaki ikaachwa karibu kavu.

Mchi hutoa vumbi na chenga kwa pamoja. Huwezi kuuzuia, ndiyo tabia yake. Lile vumbi hukamuliwa mpaka utungu wa mwarobaini unatoka. Chenga nazo huguswa juu juu tu, zikatoa ule ukakasi wa embe bichi. Na kwa kuwa alfajiri unatwanga ukiwa na usingizi na alasiri ukiwa na hasira, kila mara mchanganyiko huwa mwingine. Hiyo ndiyo siri ya pakiti moja kuwa na ladha mbili.

Ila ukakasi mwingine huenda si kosa lako hata kidogo. Kahawa yetu ya Kenya, hasa ile ya Nyeri na Kirinyaga, ina uchachu wa matunda ambao wanunuzi wa nje huusifu sana. Ikikaangwa kidogo tu, ikapitishwa kwenye espreso, ule uchachu hutokeza kama ndimu. Kahawa waliyokuwa wakiipika hotelini ilikuwa ya Kitaliano, imekaangwa hadi kuiva sana, na mara nyingi imechanganywa na robusta, aina nyingine ya kahawa. Ulimi wa shemeji umezoea hiyo. Basi pakiti inayofuata asichague kwa sababu imeandikwa AA. Hizo herufi ni daraja la ukubwa wa punje. Hazikwambii imekaangwaje. Atafute iliyokaangwa ya kati kuelekea nyeusi, yenye tarehe ya kukaangwa juu ya pakiti, iwe imeshapumzika kama wiki moja na haijapitisha mwezi mmoja au zaidi kidogo. Punje zilizoiva hivyo zina faida ya pili, nayo ni kwamba huvunjika kwa urahisi. Kumbuka hilo, nitalirudia.

Twende kwenye rai za jamaa zako.

Ya binamu wa Mombasa iache dukani. Grainda ya visu viwili haisagi, inakatakata. Wewe mpishi utanielewa nikisema ni sawa na kuchukua nazi ukaikatakata kwa kisu badala ya kukaa kwenye mbuzi. Hata ukate nusu saa, hutapata nazi ya kutoa tui la kwanza. Vipande vilivyo karibu na kisu vitakuwa uji, vilivyoruka pembeni vitabaki vipande. Ukiiacha izunguke zaidi ili vipande viishe, vumbi linazidi na kahawa inapata moto. Utakuwa umenunua mchi wa umeme. Kwa bizari ni kifaa kizuri, mimi mwenyewe ninacho. Na hapo niseme moja: chombo cha kusagia kahawa kisiingie hiliki wala bizari hata siku moja. Mafuta yake hukaa kwenye meno na mapengo, na kuyatoa ni kazi. Ukitaka kahawa ya hiliki, saga hiliki kando uitie baadaye. Lile swali la pilau lilikuwa la dharau lakini lilikuwa sahihi.

Kinachotakiwa ni chombo chenye meno mawili ya chuma yanayotazamana, moja limetulia na jingine linazunguka, mfano wa mashine ya posho. Punje haipiti mpaka iwe ndogo kuliko nafasi iliyo kati ya meno hayo. Ukipunguza nafasi, unga unakuwa mwembamba. Ukiongeza, unakuwa mkubwa. Meno yako ya namna mbili, ya bapa kama visahani viwili, na ya umbo la pia, kama koni ndani ya pete. Wapenda kahawa wanaweza kukesha wakibishana ipi bora. Wewe lala, kwa kikombe cha nyumbani zote mbili zinatosha.

Ambalo halitoshi, na hapa ndipo pesa za watu wengi huzama, ni hatua kubwa za kurekebisha. Kwa espreso tofauti ndogo sana ya nafasi hubadilisha kila kitu. Unywele wa mtu una unene wa maikroni kama 70, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Ukisogeza meno kwa chini ya nusu ya unywele, kahawa iliyokuwa ikitoka kwa sekunde 20 yaweza kutoka kwa 30. Chombo ambacho hatua moja ni pana mno kitakuacha katikati ya maji mawili: hatua hii inamwagika, ya pili yake inaziba, na pale unapopataka hapapo. Kwa hivyo mtu akikuuzia grainda usimuulize nguvu ya injini. Muulize hatua moja ni maikroni ngapi, au kama inarekebishwa bila hatua kabisa, kwa kuzungusha tu. Akikodoa macho, ondoka.

Sasa ile kubwa ya Kitaliano, kilo 14. Nikiwa mkweli, moyo wangu umeruka niliposoma. Sijui ni ya kampuni gani, lakini uzito huo ni sawa na Mazzer Super Jolly, chombo nilichofanya nacho kazi kwa miaka: meno bapa ya milimita 64, pete ya kurekebishia isiyo na hatua, bodi ya kuweza kuzuia mlango. Shemeji hasemi uongo, ni chuma.

Lakini ngoja nikuhadithie. Mwaka wa kwanza nilipoanza kujitegemea nilinunua moja ya aina hiyo kutoka hoteli iliyokuwa ikifungwa. Nilijiona mjanja. Nikaibeba begani hadi kwenye tuktuk, nikafika nyumbani, nikaitoa plagi yake iliyokuwa imeviringwa kwa mfuko wa nailoni. Ina pini tano. Nikadhani ni mtindo wa Ulaya. Kumbe injini ni ya fazi tatu, umeme wa mashine kubwa, zipo zilizotengenezwa hivyo kwa ajili ya hoteli, na nyumbani kwangu kama nyumbani kwenu kuna fazi moja. Nikatafuta injini nyingine. Nilipoiwasha hatimaye ikasaga taratibu kama mzee anayetafuna miwa, unga ukatoka moto. Meno yamekwisha. Meno ya chuma ya ukubwa ule hubadilishwa baada ya kilo mia chache za kahawa, na hoteli inayosaga kilo moja kwa siku inafika huko ndani ya mwaka. Wale walikuwa hawajabadilisha tangu wafungue. Injini na meno mapya vikapita bei niliyoinunulia.

Tena, hata ikiwa nzima, ni chombo cha kazi nyingine. Imejengwa kwa kaunta yenye foleni, dishi la juu limejaa buni, kikombe baada ya kikombe. Nyinyi mnapika vikombe viwili kwa siku. Tufanye ni gramu 15 kila kimoja, basi ni gramu 30 kwa siku, kilo 11 kwa mwaka. Ndani ya njia ya ile mashine hubaki gramu kadhaa za unga kila unaposaga. Hotelini haidhuru, zinasukumwa na kikombe kinachofuata baada ya dakika moja. Kwenu kikombe cha alfajiri kitabeba mabaki ya jana alasiri, kwenye hewa ya Lamu ambayo hata chumvi kwenye kidau huloa. Kama hutaki mabaki, utamwaga gramu kadhaa kila mara, na buni si bei ya unga wa sima. Juu ya hayo kuna kelele. Mchi ulimuamsha mavyaa. Hii itaamsha mtaa.

Najua shemeji ataisoma barua hii, na najua atasema yeye anaitaka. Sawa, ndugu yangu, ni haki yako. Basi usitume pesa kabla hujaenda kuiona. Soma kibati cha nyuma: kiseme volti 220 hadi 240, hezi 50 (yaani mapigo ya umeme kwa sekunde), fazi moja. Chomoa umeme, fungua ile pete ya juu, pitisha ukucha wako taratibu kwenye makali ya meno. Yakiwa mazima yatakukwangua ukucha. Yakiteleza, hesabu bei ya meno mapya ndani ya hizo 35,000 kabla hujafungua mdomo. Na kama utayabadilisha, kwa kilo 11 kwa mwaka mtakufa mkaiacha. Hapo ulisema kweli kuwa haifi.

Kaka wa Marekani ana nia njema, ila umeme wao ni volti 120, hezi 60. Wetu ni volti 240, hezi 50. Grainda ya huko ukiichomeka Langoni itatoa moshi kabla haijatoa unga. Transfoma hupunguza volti lakini haigusi hezi, na injini nyingi za namna hiyo zitazunguka pole na kupata moto. Kama ni lazima chombo cha umeme kiletwe na jamaa, afadhali aliyeko Omani au Dubai: umeme wao unafanana na wetu na hata plagi ni hii hii ya pini tatu bapa. Huko mtu akitafuta Baratza Encore ESP, yenye hatua 20 ndogo zilizotengwa kwa ajili ya espreso, au DF64 yenye meno bapa ya milimita 64 na isiyobakisha unga mwingi ndani, hatakuwa amepotea. Akague tu kibati.

Lakini mimi ningekuwa ndiye wewe, nisingenunua ya umeme kabisa.

Kaka yako asije mikono mitupu. Mwambie alete kinu cha mkono. Hakina volti, hakina hezi, kinaingia ndani ya kiatu kwenye sanduku. Usifikirie vile vya mbao vya mapambo, vyenye droo chini. Nasema hivi vipya vya chuma, vimesimama kama chupa ya chai, vina meno ya koni ya milimita 48 na mkono mrefu juu. Kingrinder K6 husogea maikroni 16 kwa hatua moja, chini ya robo ya unywele. 1Zpresso J-Ultra husogea 8, na bei yake imepanda ipasavyo. Kwa mashine yenu ndogo K6 yatosha, na kwa bei nilizoziona mimi huwa chini ya hizo 35,000. Timemore C2, ambayo watu wengi watakusifia, ni nzuri kwa kahawa ya kuchuja kwa karatasi. Kwa espreso hatua zake ni pana mno.

Gramu 15 za punje zilizoiva vizuri husagwa kwa dakika moja hivi. Hapa ndipo nilipokwambia ukumbuke: punje zilizokaangwa kidogo ni ngumu, na kuzisaga kwa mkono hadi wembamba wa espreso ni mazoezi ya kijeshi. Zilizoiva zinakwenda.

Utaniambia, "Kaka Fundi, si nimekwambia mkono umechoka?" Nimesikia, dada. Sikusema usage wewe. Kule kaunta aliyekuwa akipika espreso ndiye aliyekuwa akisaga, sijapata kuona mke wa mpishi akiitwa kutoka nyumbani. Shemeji ana mikono miwili na ana dakika moja baada ya alfajiri. Isitoshe raha yenyewe ya kahawa hii iko hapo, kusogeza hatua moja, kuonja, kusogeza nyingine. Ukimfanyia wewe utakuwa umemnyima. Mwambie hivyo hivyo.

Pamoja na kinu kaka alete kichujio cha tabaka moja, kile chenye vitundu vingi kama ungo. Lakini kwanza pima upana wa ndani wa kile mlicho nacho kwa rula: mashine nyingi ndogo za De'Longhi ni milimita 51, za Sage 54, Gaggia Classic 58. Ukimwambia "ya espreso" tu ataleta isiyoingia. Na mizani ndogo ya jikoni inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu.

Vikishafika, shemeji afanye hivi, naye atakumbuka. Gramu 15 ndani ya kichujio, zikishindiliwa sawa bila kuinama upande. Kikombe juu ya mizani, saa mkononi. Zitoke kama gramu 30 kwa sekunde 25 hadi 30. Zikitoka kwa sekunde 15 na ukakasi, ukaze kinu hatua mbili. Zikichukua sekunde 45 na utungu, ulegeze. Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, asiguse kipimo cha kahawa na hatua ya kinu siku moja kisha akaulize kosa liko wapi. Vikombe vinne au vitano vya mwanzo vitamwagwa, hiyo ni kawaida. Na akipata asidhani amepata milele. Sisi Malindi tulikuwa tukiigusa ile pete kila asubuhi, na kaskazi ikigeuka kuwa kusi tuliigusa mara mbili.

Kinu kisioshwe kwa maji. Chumvi ya hewa yenu inatosha kukipa kutu bila msaada. Kifutwe kwa brashi kavu, meno yakitolewa mara moja kwa mwezi, na kikae ndani ya kopo lenye kifuniko, si dirishani linakopiga upepo wa bahari. Kuna watu watakwambia usafishe kwa kusaga mchele. Usithubutu, mchele mbichi ni mgumu kuliko buni iliyokaangwa na unaweza kuyaumiza meno.

Sasa mpaka Maulidi, je? Mpaka hapo msitwange. Yeye anunue kahawa kidogo kidogo, pakiti ya gramu 250, mahali wanapoikaanga na kuisaga wenyewe, aombe isagwe ya espreso. Kwa vikombe viwili kila siku haitazidi siku nane. Aigawe kwenye chupa mbili kavu zenye kifuniko cha kukaza, afungue moja kwanza. Itakuwa imepoteza harufu nyingi kabla ya siku ya nane, nakubali, lakini itakuwa na usawa, na kile kichujio chenye kitundu kimoja kiliumbwa kwa ajili hiyo hasa. Hatapata kikombe cha hotelini. Atapata kikombe kile kile asubuhi na jioni, na atajua kosa la nani lilikuwa nini.

Habari ya 35,000 si kazi yangu, ni ya watu wawili wenye nyumba moja. Ila mimi nimeishi Pwani na nayajua masika. Mashine ya kilo 14 chini ya makuti yanayovuja ni kutu ya kilo 14.

Kinu cha bibi nacho usikifiche. Kwa buni ya kujaa kitanga cha mkono, siku moja kwa wiki, kwa ajili ya dele, hakichoshi mtu. Mjomba akija nacho kikombe chake mkaribishe, na nikifika Lamu nami nitakaa naye barazani. Tende nitakuja nazo.

Niandikie ulichokiona chini ya kichujio.

Fundi wa Kaunta, Malindi